Faili Hii Imetoka Wapi? Uchambuzi wa Hitilafu za Mfumo Ndani ya Makontena ya Linux

Kila mwezi zahanati na vituo vya afya vya vijijini hufunga hesabu za vitabu vya MTUHA (Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya), na majumuisho yake huingizwa kwenye DHIS2, mfumo wa takwimu za afya ulioasisiwa Chuo Kikuu cha Oslo na ambao Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimeshiriki kwa miaka mingi kuuendeleza hapa nchini. Kwa Halmashauri ya Wilaya ya Singida, yenye makao yake makuu Ilongero, kazi hiyo ina tarehe zake na wasimamizi wake. Anayeingiza takwimu huuona ukurasa wa kuingilia tu. Nyuma ya ukurasa huo kuna seva, na siku hizi seva ya namna hiyo aghalabu imegawanywa katika makontena. Zana za usimikaji zilizotengenezwa na jumuiya ya DHIS2 yenyewe zinatumia LXD, zana ya kusimamia makontena: hifadhidata ya PostgreSQL inakaa katika kontena lake, programu katika lake, na kipokezi cha maombi kutoka nje katika lake.

Mpangilio huu umerahisisha mengi. Mfumo mmoja ukiharibika, jirani yake haanguki nao. Lakini umebadilisha pia namna ya kutafuta hitilafu, na hapo ndipo mafundi wengi wenye uzoefu mzuri wa seva za kawaida hupotea njia. Hufungua faili ya usanidi, hurekebisha mstari mmoja, mfumo ukafanya kazi, wakaenda nyumbani. Siku kontena likiundwa upya, kosa lile lile liko pale pale, na marekebisho hayaonekani.

Hoja ya uchambuzi huu ni moja. Ndani ya kontena, swali la kwanza kuhusu faili yoyote ya mfumo linahusu asili yake: nani ameileta hapa, na ataileta tena lini? Ukishalijibu hilo, kusoma kilichoandikwa ndani yake huwa kazi nyepesi. Kwa halmashauri iliyo mbali na waliosimika mfumo, tofauti ya kulijua na kutolijua swali hilo inaweza kuwa siku kadhaa za kusubiri mtu afike.

Kontena si kompyuta ndogo

Wazo la kuifungia programu katika sehemu yake ni la zamani. Mwaka 1979 watengenezaji wa Unix walipata amri ya `chroot`, inayoifanya programu ione saraka moja kana kwamba ndiyo mzizi wa diski nzima. FreeBSD ikaja na “jela” zake mwaka 2000. Kwenye Linux, kazi iliyoanzishwa na wahandisi wa Google ya kuwekea mipaka matumizi ya RAM na prosesa, maarufu kama cgroup, iliingia kwenye kerneli mwanzoni mwa 2008, na mwaka huo huo LXC, msingi wa LXD, ikazaliwa. Docker ilitangazwa Machi 2013, na ndiyo iliyoyafanya makontena yawe chombo cha kila fundi.

Tofauti na mashine pepe, kontena halina kerneli yake. Makontena yote kwenye seva moja yanatumia kerneli ya seva mwenyeji. Kinachotenganishwa ni kile ambacho kila programu inaruhusiwa kukiona: orodha ya michakato, mtandao, watumiaji, na mti wa faili. Hapa ndipo ugumu wa kutafuta hitilafu unapoanzia. Ukiingia ndani ya kontena na kuandika `ls /etc`, unaona saraka moja iliyotulia. Kumbe faili zake zimetoka sehemu mbalimbali na kukutanishwa mbele ya macho yako.

Asili tano

Asili ya kwanza ni imeji, yaani kifurushi ambacho kontena limeundwa kutokana nacho. Kwenye Docker, imeji hujengwa kwa matabaka yaliyopandana, na kwa kawaida mfumo wa overlayfs, ulioingia kwenye kerneli mwishoni mwa 2014, ndio unaoyaonyesha matabaka hayo kama mti mmoja. Matabaka ya imeji hayaandikiki.

Ya pili ni tabaka la juu la kuandikia, ambalo ni mali ya kontena moja tu. Ukihariri faili iliyotoka kwenye imeji, kerneli huinakili kwanza hadi tabaka hilo, kisha huibadilisha nakala. Kontena likizimwa na kuwashwa, badiliko lipo. Likifutwa na kuundwa jipya, badiliko limekwenda nalo. Marekebisho mengi yanayosemwa kuwa “yamejifuta” yalikuwa hapa.

Ya tatu ni faili na saraka zilizopachikwa kutoka kwa mwenyeji. Hizi hudumu, lakini zina mitego yake. Tuseme faili ya usanidi imepachikwa peke yake, na fundi ameibadilisha upande wa mwenyeji kwa `sed -i`. Amri hiyo haiandiki juu ya faili ya zamani. Hutengeneza faili mpya na kuipa jina la ile ya kwanza. Kontena limeshikilia ile ya zamani, kwa sababu kilichopachikwa ni faili yenyewe wala si jina lake. Fundi anasoma maneno mapya kwa mwenyeji, programu inasoma maneno ya jana, na wote wawili wanasema kweli. Dawa ni kupachika saraka nzima badala ya faili moja, au kuliwasha kontena upya baada ya kila badiliko.

Mtego mwingine ni wa njia iliyokosewa. Ukimwambia Docker kwa `-v` apachike faili ambayo haipo kwa mwenyeji, hatalalamika: ataunda saraka tupu yenye jina hilo. Programu italia kwamba ilitarajia faili ikakuta saraka, na mtu asiyejua chanzo atatafuta kosa kwenye programu. Ukitumia `--mount`, kosa hilo hilo hukataliwa papo hapo. Ni heri kukataliwa asubuhi kuliko kutafuta jioni.

Ya nne ni faili zinazoandaliwa na Docker kila kontena linapoanza, na kuu kati yake ni `/etc/hosts`, `/etc/hostname` na `/etc/resolv.conf`. Kontena likiwa kwenye mtandao uliotengenezwa na mtumiaji, `resolv.conf` yake itataja anwani ya 127.0.0.11, ambayo ni kitafuta majina cha Docker mwenyewe. Anayeifuta anwani hiyo na kuweka nyingine anakata mawasiliano ya majina kati ya makontena, ingawa tovuti za nje zitafunguka kama kawaida. Hata `sed -i` ikitumika hapa itagoma kwa ujumbe wa “Device or resource busy”, kwa kuwa faili iliyopachikwa haiwezi kubadilishwa jina. Mipangilio hii hubadilishwa kwa maelezo ya kuanzishia kontena, si kwa kihariri.

Ya tano ni `/proc` na `/sys`, ambazo hazipo kwenye diski kabisa. Ni kerneli inayojieleza, na kerneli hiyo ni ya mwenyeji. Ndiyo maana thamani nyingi za humo hazibadilishiki ukiwa ndani, na ndiyo maana baadhi ya namba zake zinapotosha, kama tutakavyoona kwenye RAM.

Faili mbili, jumbe mbili

Turudi kwenye DHIS2. Faili yake ya usanidi ni `dhis.conf`, na ndani yake kuna anwani ya hifadhidata, jina la mtumiaji na nywila. Kosa la kawaida kuliko yote kwa mtu anayehamisha mfumo kutoka seva ya kawaida kwenda kwenye makontena ni kuacha neno `localhost` kwenye anwani hiyo. Kwenye seva ya zamani lilikuwa sahihi. Ndani ya kontena, `localhost` ni kontena lenyewe, na humo hamna PostgreSQL.

Ukishasahihisha anwani, soma ujumbe unaofuata kwa makini. Ukisema “Connection refused”, maana yake mashine imefikiwa lakini hakuna anayesikiliza kwenye poti ile. Nenda kwenye `postgresql.conf` uangalie `listen_addresses`, maana kwa chaguo-msingi PostgreSQL husikiliza maombi ya ndani tu. Ukisema “no pg_hba.conf entry for host”, umefika hadi kwa PostgreSQL nayo imekukataa, kwa hiyo faili ya kurekebisha ni `pg_hba.conf`, ambamo anwani zinazoruhusiwa zimeorodheshwa. Ikiwa jana ulikubaliwa na leo umekataliwa bila mtu kugusa kitu, chunguza kama kontena la programu limepewa anwani mpya lilipowashwa. Mfumo unaotegemea anwani zinazogawiwa upya utaanguka siku moja. Tumia majina, au yawekee makontena anwani za kudumu.

Ruhusa na namba za watumiaji

“Permission denied” ndani ya kontena ina sura ambayo seva ya kawaida haina. Linux haimjui mtumiaji kwa jina. Inamjua kwa namba. Kwenye LXD, makontena ya kawaida hayana mamlaka ya juu: mtumiaji namba 0 ndani ya kontena, yaani `root`, kwa mwenyeji ni namba kubwa, mara nyingi 100000 au 1000000 kutegemea mpangilio. Ni kinga nzuri, maana mvamizi aliyejipenyeza hadi kuwa `root` ndani ya kontena hana nguvu hiyo nje.

Lakini kinga hiyo huleta usumbufu wake. Nakili faili kwa mkono kutoka kwa mwenyeji hadi saraka ya kontena, na ndani utaiona ikimilikiwa na `nobody`, namba 65534, kwa sababu namba ya mwenye faili haimo katika safu ya kontena. Kwa kukata tamaa wengi hutoa amri ya `chmod 777`. Hiyo inafungua faili yenye nywila za hifadhidata kwa kila mtumiaji wa seva, na takwimu za wagonjwa zikiwa nyuma yake. Njia ya haki ni kutumia `lxc file push`, ambayo hupanga umiliki ipasavyo, au kuoanisha namba kwa makusudi kwenye usanidi wa kontena. Usalama wa taarifa za mgonjwa wa kijijini usiuzwe kwa ajili ya kuokoa dakika tano za fundi.

Diski inapokataa kuandikiwa

Ujumbe wa “Read-only file system” una vyanzo vitatu vilivyo mbalimbali kabisa. Huenda kontena lilianzishwa kwa amri ya kuzuia uandishi wowote. Huenda saraka husika ilipachikwa kwa alama ya `ro`. Na huenda diski ya mwenyeji ina hitilafu, na kerneli imeifunga isiandikiwe ili isiharibike zaidi, jinsi mfumo wa ext4 unavyofanya unapogundua kasoro kama umesimikwa kwa mpangilio huo.

Chanzo hiki cha tatu ndicho cha kuogopwa mahali ambapo umeme hukatika bila taarifa. Kukitofautisha na vile viwili hakuhitaji utaalamu mkubwa: toka nje ya kontena, jaribu kuandika faili ndogo kwenye diski ile ile ukiwa kwa mwenyeji, kisha soma `dmesg`. Kama mwenyeji naye anakataliwa na kerneli inataja makosa ya ext4, acha kugusa kontena. Chukua nakala rudufu kwanza. Ukianza kuwasha na kuzima makontena juu ya diski inayokufa, unaweza kupoteza takwimu ambazo zingeokolewa.

Jirani wa hitilafu hii ni diski kujaa. Docker kwa chaguo-msingi huhifadhi kila neno ambalo programu inatoa katika faili ya logi isiyo na kikomo, chini ya `/var/lib/docker/containers`. Programu yenye kelele inaweza kujaza diski kwa miezi michache, na kwa kuwa diski ni ya wote, kontena la jirani ndilo linaloanza kulia. Mipaka huwekwa kwa `max-size` na `max-file` katika `/etc/docker/daemon.json`, na inayahusu makontena yatakayoundwa baada ya hapo tu. Yaliyopo hayana budi kuundwa upya. Na `df -h` ikionyesha nafasi ingali tele lakini uandishi umekataliwa, angalia `df -i`: huenda inode, yaani nafasi za kusajili faili, ndizo zilizokwisha.

Saa inayorudisha mwaka wa fedha nyuma

Hitilafu mbaya kuliko zote ni ile isiyotoa ujumbe wowote. Makontena mengi huanza na saa ya UTC, iliyo nyuma ya saa ya Afrika Mashariki kwa saa tatu. Chukua stakabadhi iliyotolewa saa nane usiku kuamkia tarehe 1 Julai, siku ambayo mwaka mpya wa fedha wa Serikali unaanza. Kwa saa ya kontena, muda huo ni saa tano usiku tarehe 30 Juni. Programu inayopanga tarehe kwa kufuata saa ya kontena itaiweka stakabadhi hiyo kwenye mwaka wa fedha uliokwisha. Mgonjwa aliyepokelewa usiku huo ataingia kwenye taarifa ya mwezi uliopita. Hakuna taa nyekundu itakayowaka. Mkaguzi ndiye atakayegundua.

Wengi hujibu kwa kuweka `TZ=Africa/Dar_es_Salaam` kwenye maelezo ya kontena, na ni sahihi, kwa sharti kwamba kifurushi cha `tzdata` kimo ndani ya imeji. Imeji za Ubuntu na Alpine kwa kawaida huja bila kifurushi hicho. Kikikosekana, mfumo haulalamiki. Unarudi UTC kimyakimya. Kwa hiyo kuandika mpangilio hakutoshi. Ingia ndani, andika `date`, na uhakikishe herufi EAT zinaonekana. Kipimo hicho kinachukua sekunde mbili, na kinastahili kufanywa kwenye kila kontena linaloshika fedha au takwimu.

Namba 137

Programu ikifa ghafla bila kuaga, tazama namba iliyoiacha. 127 ni amri isiyopatikana. 126 ni amri iliyopatikana lakini haiwezi kuendeshwa. 137 ni mchakato uliouawa kwa ishara namba 9, na mara nyingi muuaji ni kerneli baada ya kontena kuvuka mpaka wake wa RAM.

DHIS2 imeandikwa kwa Java, na Java ina historia hapa. Matoleo ya zamani yalisoma RAM ya mwenyeji mzima bila kuona mpaka wa kontena, yakajitwalia zaidi ya haki yao, yakauawa. Java 10 ya Machi 2018 ilianza kuiheshimu mipaka ya makontena, na uwezo huo ukarudishwa kwenye Java 8 toleo la 191 mwaka huo huo. Amri ya `free` ndani ya kontena la Docker bado inaonyesha RAM ya mwenyeji, kwa kuwa inasoma `/proc`. LXD hutumia lxcfs kuonyesha namba za kontena lenyewe. Fundi wa Docker asiyejua tofauti hiyo ataona gigabaiti nyingi zikiwa wazi na kuapa kwamba RAM haina kosa.

Mpangilio wa upelelezi

Kutokana na hayo yote, utaratibu wa kutafuta hitilafu unajipanga wenyewe. Anza na logi kupitia `docker logs` au `lxc info --show-log`, kabla hujawasha upya chochote. Kisha uliza asili ya faili: `findmnt`, au `/proc/self/mountinfo` pale imeji isipokuwa na amri hiyo, itakuonyesha kilichopachikwa, `docker diff` itaorodhesha kila faili iliyoongezwa, kubadilishwa au kufutwa tangu kontena liundwe, na `docker inspect` na `lxc config show --expanded` zitakupa maelezo ambayo kontena lilianzishwa nayo. Kontena lililokufa halizuii uchunguzi: `docker cp` hutoa faili hata kwenye kontena lililosimama. Mwisho, linganisha ndani na nje, kwa sababu hitilafu nyingi tulizopitia hutambulika pale tu pande hizo mbili zinapopingana.

Umbali nao uingie kwenye mpango. Docker Hub, ghala la imeji la Docker, iliweka kikomo cha upakuaji kwa wasiojisajili mnamo Novemba 2020, kikihesabiwa kwa anwani ya mtandao. Ofisi inayotoka nje kwa anwani moja pamoja na watu wengine inaweza kukifikia bila kufanya kosa lolote. Imeji zinazotegemewa zihifadhiwe kwa `docker save` kwenye diski ya ofisini, ili siku ya dharura isigeuke siku ya kusubiri mtandao.

Marekebisho yakae wapi?

Linabaki swali ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote, nalo ni la kiutawala kadiri lilivyo la kiufundi. Watumishi wa umma huhamishwa. Afisa TEHAMA aliyezirekebisha faili kumi kwa mkono ndani ya makontena akihamia wilaya nyingine, ujuzi wote unaondoka naye, na anayempokea anarithi mfumo unaofanya kazi kwa sababu asizozijua. Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019, iliyounda Mamlaka ya Serikali Mtandao, iliweka msingi wa viwango vya mifumo ya umma. Lakini hakuna sheria inayoweza kujua mstari uliobadilishwa usiku kwa haraka na kutoandikwa popote.

Kila asili ya faili ina mahali pake halali pa marekebisho. Kosa la imeji lirekebishwe kwenye maelekezo ya kujengea imeji. La faili iliyopachikwa lirekebishwe kwa mwenyeji, katika saraka inayotunzwa kwa Git pamoja na sababu ya badiliko, nywila zikitengwa. La mtandao na majina liwekwe kwenye maelezo ya kuanzishia kontena, na la kerneli lirekebishwe kwa mwenyeji. Kuhariri ndani ya kontena kunaruhusiwa kama jaribio la kuthibitisha dhana, na jaribio hilo linapaswa kufutwa siku hiyo hiyo.

Kipimo cha kazi iliyokamilika kiko wazi na hakina gharama kubwa. Chukua nakala rudufu, thibitisha kwamba takwimu ziko kwenye hifadhi ya kudumu, kisha livunje kontena na uliunde upya kwa maelekezo yaliyoandikwa. Likirudi likiwa zima, kosa limetibiwa, na mtumishi atakayeripoti Ilongero mwaka kesho ataweza kulisimamia. Likirudi na kosa lile lile, bora ujue leo ukiwa na muda wa kulitafuta kuliko siku ambayo taarifa ya mwezi inatakiwa.